Tufani ya Unguja ya 1872: Jibu kwa Msomaji wa Kibokoni

Msomaji mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, ameniandikia swali ambalo nalinukuu karibu lote: "Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja. Kila alipotaka kutaja umri wa wazee wa kwao alisema fulani alizaliwa kabla ya tufani, fulani baada ya tufani, na akituambia kwamba siku hiyo mikarafuu na minazi ililala chini kisiwa kizima, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Lakini shuleni mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba vimbunga havifiki pwani yetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Nimshike nani? Na ikiwa bibi ndiye aliyesema kweli, ni kipi kinachoizuia tufani kama ile isije Mvita (kisiwa cha Mombasa), nasi pia tuko kisiwani?"

Washike wote wawili. Bibi yako alikuwa akisimulia jambo lililotokea, na mwalimu wako alikuwa akieleza jambo ambalo aghalabu halitokei, na maneno hayo mawili hayagombani. Nitaanza na bibi, kwa kuwa kisa chake ndicho chenye mengi, na utaniwia radhi ukiona sehemu kubwa ya jibu langu inahusu miti badala ya upepo. Upepo ule ulivuma kwa muda mfupi tu. Kilichoufanya mwaka ule ukumbukwe ni kile ulichokikuta kimesimama.

Tufani anayoitaja bibi yako ilipiga Unguja siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, ambayo kwa hesabu ya Hijria inaangukia siku za mwanzo za Mfunguo Tano, yaani Safar, mwaka 1289. Seyyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha usultani, na mji wake ulikuwa bado haujasahau kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu. Kwa mabaharia Aprili ni mwezi wa katikati: kaskazi imekwisha kufa, kusi inaanza kujijenga, na masika yako juu ya vichwa vya watu. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyoshuka na kaskazi huwa yamekwisha kuuza, yamepakia, na yanangoja kusi iyarudishe kwao. Kwa hiyo katika mwaka mzima ni vigumu kupata majuma ambayo bandari ya Unguja ilikuwa imejaa vyombo na mali kuliko hayo.

Na vyombo hivyo vilitia nanga pale kwa kujiamini. Manahodha wa Kizungu walijua kwamba Mauritius, Réunion na Madagascar ni nchi za vimbunga, lakini Unguja waliihesabu kuwa nje ya njia hiyo kabisa, na John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza mjini humo, ni mmoja wa walioshuhudia hesabu hiyo ikivunjika. Naona hapo ndipo sehemu ya madhara ilipoanzia. Mtu anayejua kwamba kimbunga kinaweza kuja huongeza nanga, hushusha foromali, husogeza chombo, au huondoka bandarini na kukimbilia bahari kuu mapema. Asiyejua huona upepo wa masika unazidi na kungoja upungue.

Namna upepo ule ulivyoijia bandari inaeleza mengi, na ukitaka kuielewa chora duara kwenye karatasi. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Weka kalamu kando ya duara lako upande wa magharibi, ambako ndiko Unguja iliko wakati kimbunga kinakuja kutoka mashariki: mshale wa upepo mahali hapo unaelekea juu, yaani upepo unatoka kusini. Ndivyo ilivyokuwa. Upepo ulianza upande wa kusini, ukazidi hata ukawa si upepo wa kawaida, kisha ukatulia ghafla. Utulivu ule ulikuwa jicho la kimbunga, sehemu ya katikati isiyo na upepo, likipita juu ya mji. Sasa sogeza kalamu upande wa pili wa duara: mshale unaelekea chini. Baada ya shwari ile fupi, upepo ulirudi kwa nguvu zilezile kutoka kaskazini. Chombo kilichokuwa kimelazwa kwa nanga zilizopangwa kushindana na kusi kilijikuta kinavutwa kinyume, minyororo imelegea na kusokotana, nanga zinakokota, na nyuma yake kuna pwani. Mwenye nyumba naye, aliyetoka nje wakati wa shwari kutazama makuti yake na kushukuru kwamba yamekwisha, alikuta ukuta uliokuwa umekingwa mwanzo ndio sasa unaopigwa.

Kuna jambo moja ambalo sikutarajia kulikuta nilipokuwa nikihesabu tarehe hizo, nalo ni la mwezi. Mwezi mwandamo wa Safar ule ulikuwa umeonekana karibu juma moja tu kabla ya tufani, kwa hiyo siku ya tarehe 15 ulikuwa katika robo yake ya kwanza. Mvuvi yeyote wa Mombasa atakwambia maana yake: yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, wala halikuwa bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa. Katika pwani yetu, ambako tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, jambo hili si dogo hata kidogo. Kimbunga huivimbisha bahari kwa njia mbili: mgandamizo wa hewa unaposhuka, maji huinuka, na upepo nao huyasukuma kuyapandisha ufukweni. Uvimbe huo unapokutana na maji ya bamvua yaliyojaa, mji wa pwani huingiliwa. Unguja ilipigwa katika siku ambazo bahari yenyewe ilikuwa imetulia kwa sababu ya mwezi. Ingelikuwa juma moja nyuma au mbele, bibi yako angelikuwa na kisa kibaya zaidi cha kusimulia, au pengine asingelikuwepo kukisimulia.

Pamoja na nafuu hiyo, bandari iliangamia. Meli za Barghash, ambazo ndizo zilizokuwa mkono wake wa kufika Mombasa, Lamu, Kilwa na Bombay bila kumwomba mtu, zilisukumwa ufukweni na kuvunjikavunjika. Moja kati yake ilikuwa na historia ya kushangaza. Jina lake la Unguja lilikuwa El Majidi, kwa jina la Sultani Majid aliyeinunua mwaka 1866, lakini kabla ya hapo ilikuwa Shenandoah, meli ya vita ya majimbo ya kusini ya Marekani yaliyojitenga, iliyozunguka dunia ikiteketeza vyombo vya kuvulia nyangumi na kujisalimisha Liverpool mwezi wa Novemba 1865, miezi mingi baada ya vita vyenyewe kwisha. Meli iliyowakimbia manowari wa Marekani kwa mwaka mzima ilipandishwa nchi kavu na upepo wa siku moja. Miongoni mwa vyombo vichache vilivyosalimika nangani ni meli ya Kiingereza iitwayo Abydos, ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imewaleta wajumbe waliotumwa kumtafuta David Livingstone.

Juu ya mji wenyewe sina haja ya kukaa sana. Nyumba za mawe na chokaa, zenye kuta nene na boriti za mikoko, zilistahimili kwa kadiri yake, na vibanda vya udongo na makuti vya ng'ambo ya pili viliondoka. Mpangilio huo wa nani anabaki na paa na nani halibakizi ni uleule kila kimbunga, kuanzia Unguja ya wakati ule hadi Mayotte iliyopigwa na kimbunga Chido mwezi wa Desemba 2024, ambako vibanda vya mabati vilivyopanda vilimani ndivyo vilivyofagiliwa.

Turudi kwenye miti. Mkarafuu si mti wa asili ya Unguja. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mauritius na Réunion, ambako Wafaransa walikuwa wameupanda, na kejeli ya jambo hili hainipiti: visiwa hivyo ndivyo vilivyo katikati ya njia ya vimbunga, na wakulima wake waligeukia miwa, mmea ambao upepo huulaza leo na kesho kutwa ukaanza kujiinua. Unguja ikaupokea mti, na haikupokea tahadhari iliyokwenda nao. Seyyid Said bin Sultan aliwahimiza sana wenye mashamba waupande, na imesimuliwa kwamba sharti lake lilikuwa mikarafuu 3 kwa kila mnazi mmoja, asiyetimiza akanyang'anywa ardhi. Kufikia 1872 nusu ya magharibi ya kisiwa, yenye udongo mzito na mvua, ilikuwa shamba moja la mikarafuu lililotunzwa na kuchumwa na watumwa.

Umewahi kuutazama mkarafuu kwa karibu? Mnazi ukipigwa na upepo hupinda. Shina lake ni kama kamba nyingi zilizofungwa pamoja, na mradi kilele chake, pale penye moyo mweupe, hakijang'oka, utaendelea kuishi hata kama umepoteza makuti na nazi zote. Mkarafuu haupindi. Mti wake ni mgumu lakini mkavu, matawi hukatika kwa mlio, na ndiyo maana mchumaji hulivuta tawi kwa upembo taratibu na kufunga kamba, asije akashuka nalo. Mizizi yake haiendi chini sana. Majani yake yamesongamana kuanzia karibu na ardhi hadi juu, hivyo mti mzima huupokea upepo kama tanga lisiloweza kukunjwa. Ongeza udongo uliolowa maji ya masika, na mti wa miaka 30 unang'oka pamoja na mizizi yake, ukiacha shimo na harufu ya karafuu mbichi. Na hata minazi, kwa upepo wa namna ile, vilele viling'oka. Makadirio ya wakati huo yalikuwa kwamba theluthi mbili hivi za mikarafuu na minazi ya Unguja ziliangamia, na kwa hiyo neno la bibi kwamba miti ililala kisiwa kizima lina chumvi kidogo tu.

Mwenye shamba aliyepoteza mpunga huchukua mbegu na kungoja mvua inayofuata. Mkarafuu huchukua miaka 7 au 8 ndipo utoe mavuno ya maana, na zaidi ya hapo kufikia nguvu zake zote. Mwarabu wa Unguja aliyekuwa na shamba la mikarafuu kwa kawaida alikuwa pia na deni kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini, deni ambalo dhamana yake ilikuwa mavuno yajayo, na mavuno yajayo yalikuwa yamelala chini. Wengine waliuza, wengine waliweka rehani kilichobaki, wengine walipanda upya wakijua kwamba watakaochuma ni watoto wao.

Sasa tazama kaskazini. Kati ya Unguja na Pemba kuna mkondo wa bahari wa kilomita 50 hivi, na Pemba ilipona. Kilichong'oa theluthi mbili za miti ya kisiwa kimoja kiliacha mikarafuu ya jirani yake imesimama karibu yote. Kutokana na hilo unaweza kujua kwamba kimbunga kile kilikuwa kikali lakini chembamba, kwani vimbunga vinavyotokea karibu na ikweta mara nyingi huwa vidogo kwa upana. Bei ya karafuu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeshushwa na wingi wa mavuno, ilipanda, na aliyekuwa na mikarafuu Pemba siku ya Jumanne tarehe 16 alikuwa tajiri kuliko alivyokuwa Jumapili, pasipo kufanya lolote. Wenye mtaji wakavuka mkondo kwenda kupanda huko, na kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata sehemu kubwa kabisa ya karafuu iliyoitwa ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Meli zilipakia Unguja, sifa ikabaki ya Unguja, na wachumaji walikuwa Wapemba.

Hapa nataka kuongeza jambo linalotuhusu sisi wa Mvita, kwa kuwa halitajwi sana. Kabla ya karafuu, Pemba ilikuwa nchi ya mpunga, na kwa karne nyingi, tangu enzi za Wareno hadi utawala wa Mazrui, Mombasa ilikuwa ikila mpunga wa Pemba. Mazrui walipoipoteza Pemba mikononi mwa watu wa Seyyid Said katika miaka ya 1820, walipoteza ghala lao la chakula, na wako wanaosema kwamba hapo ndipo anguko lao lilipoanza. Tufani ya 1872 iliimaliza kazi hiyo kwa njia nyingine: mabonde yalibaki na mpunga, lakini vilima vikaingia karafuu, na kisiwa kilichokuwa kikiwalisha wengine kikawa kinanunua mchele kutoka ng'ambo. Upepo haukufika Mombasa, lakini sufuria za Mombasa zilikuwa zimekwisha kuathirika.

Nguvu za tufani zilifika bara pia, kwa upande wa chini. Bagamoyo, ambako mapadri wa Kikatoliki walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868, majengo ya misheni yalivunjwa. Mvua iliyobebwa na kimbunga ikaingia ndani zaidi na kuifurisha mito. Henry Stanley, aliyemwacha Livingstone mwezi wa Machi akirudi pwani, alikuta mbuga ya Makata imekuwa ziwa, na alipopita Simbamwene, mji uliokuwa mahali pa Morogoro ya leo, aliona ukuta wake umechukuliwa na mafuriko. Aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, na habari za tufani alikuwa amekwisha kuzisikia njiani kabla ya kufika pwani.

Yaliyofuata ni ya siasa, na hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu kuna kisa kinachopenda kusimuliwa kwa mkato. Mwezi wa Januari 1873, miezi tisa baada ya tufani, Sir Bartle Frere aliwasili Unguja akitumwa na serikali ya Uingereza kumtaka Barghash apige marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Barghash alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa tufani: kisiwa kimekwisha kuangamia, wenye mashamba wamefilisika, nanyi mnataka kuwaondolea na mikono ya kupandia upya. Frere aliondoka mikono mitupu, lakini Kirk alibaki na amri kutoka London na tishio la kuizingira Unguja kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa ambalo lipo hadi leo.

Basi wako wanaosema kwamba tufani ndiyo iliyokomesha biashara ya utumwa. Mimi siikubali kauli hiyo jinsi ilivyo. Ni kweli kwamba ilimkuta Barghash bila meli na ikamwacha bila mapato, na sultani asiye na meli hawezi kubishana na manowari. Lakini upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile: mashamba mapya ya Pemba yalihitaji watu wa kufyeka, kupanda na kuchuma, na kwa hiyo tufani iliongeza haja ya watumwa wakati uleule mkataba ulipokuwa ukiipiga marufuku njia ya kuwaleta. Matokeo yake yalikuwa magendo. Kwa miaka mingi baada ya 1873 vyombo viliendelea kuvuka usiku kutoka mrima, yaani pwani ya bara, na kuingia vijito vya Pemba, na Waingereza wakalazimika kuiweka manowari iitwayo London bandarini Unguja kama kituo cha kuwinda magendo hayo. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881 alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa. Aliyevushwa mkondo wa Pemba usiku wa mwaka 1876 hakuletewa uhuru na upepo wowote, na karafuu alizochumishwa ni zile zilizopanda bei kwa sababu ya tufani.

Nije kwa mwalimu wako. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, aghalabu digrii 26.5 na zaidi hadi chini kidogo ya uso wa maji, na joto hilo pwani yetu inalo tele mwezi wa Machi na Aprili. Kinachokosekana ni mzunguko. Dunia inapozunguka huupinda upepo unaokimbilia penye mgandamizo mdogo, na kupinda huko ndiko kunakoufanya uzunguke badala ya kuingia katikati moja kwa moja na kuliziba pengo. Kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo ya kupinda ni sifuri, na huongezeka kadiri unavyokwenda kusini au kaskazini. Ndiyo maana ni nadra vimbunga kuzaliwa chini ya digrii 5 kutoka ikweta. Zaidi ya hayo, vikishazaliwa katika bahari yetu huelekea magharibi kisha hupinda kusini, vikiikimbia ikweta. Ngazija iko digrii 11 na nusu kusini na hupigwa mara kwa mara. Unguja iko digrii 6. Mombasa iko digrii 4. Upande wa pili wa ikweta, Somalia nayo ina vimbunga vyake vya bahari ya Arabuni, kama Gati kilichopiga Hafun mwezi wa Novemba 2020. Kenya tumekaa katikati ya njia mbili.

Kwa hiyo mwalimu ana hoja, ila neno "havifiki" ndilo lililozidi. Mwezi wa Desemba 2001 kimbunga kiitwacho Vamei kilitokea karibu na Singapore, chini ya digrii 2 kutoka ikweta, mahali ambapo vitabu vilikuwa vimesema hakiwezi kutokea. Na katika bahari yetu wenyewe, Aprili imeonyesha tabia yake zaidi ya mara moja. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 na kuingia Cabo Delgado, Msumbiji, siku iliyofuata, wiki chache tu baada ya Idai kuiangamiza Beira. Jobo kilielekea Dar es Salaam Aprili 2021 na kufa kabla ya kutua. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimedhoofika. Vyote hivyo ni vya mwisho wa msimu, wakati mkanda wa mvua za masika unaporudi kaskazini na kuvipa vimbunga nafasi ya kuzaliwa karibu zaidi nasi.

Basi ni kipi kinachoizuia tufani isije Mvita? Hakuna ukuta. Kuna uwezekano mdogo, na mdogo zaidi ya ule wa Unguja, kwa sababu ya digrii 2 hizo na kwa sababu njia ya kawaida ya vimbunga inatuacha. Lakini kuna kinga nyingine ambayo watu hawaizungumzii, na unaweza kuiona kwenye karatasi yako ileile yenye duara. Kimbunga kikipita kusini yetu, kama vilivyopita vya upande wetu wa ikweta nilivyovitaja, sisi tuko upande wa juu wa duara, na mshale mahali hapo unatoka magharibi kwenda mashariki. Yaani Mombasa hupata upepo wa bara, unaosukuma maji nje ya Kilindini na bandari ya kale badala ya kuyaingiza. Kwa Mvita kuingiliwa na bahari kama zinavyoingiliwa nchi za kusini, kimbunga kingelazimika kupita juu yetu au kaskazini yetu, ndani kabisa ya eneo ambalo kimbunga hupata shida kuishi.

Hatari yetu halisi ni ndogo kuliko hiyo na huja mara nyingi zaidi. Mawimbi ya kimbunga husafiri mamia ya kilomita kutoka kilikozaliwa, hivyo mvuvi wa Mkunguni au wa Nyali anaweza kukutana na bahari mbaya chini ya anga nyeupe isiyo na wingu. Wakati wa Hidaya onyo kwa wavuvi na waogaji wa pwani yetu lilitolewa kwa sababu hiyo, na walioona jua likiwaka wakadhani wanadanganywa. Na kuna athari ya kinyume, ambayo Idai ilitufundisha: kimbunga kikubwa kikiwa Msumbiji hukusanya unyevu wa bahari nzima kwake, na masika ya Kenya mwaka 2019 yalichelewa, jambo ambalo Idara yetu ya Hali ya Hewa ililihusisha na kimbunga hicho. Mkulima wa Kwale alikosa mvua kwa sababu ya dhoruba iliyokuwa Beira.

Kama utataka kufuatilia mwenyewe, mwezi wa Aprili na wiki mbili za mwanzo za Mei ndizo za kutazamwa. Kituo kinachosimamia vimbunga vya upande huu wa bahari kiko Réunion, hutoa ramani za njia kila siku kimbunga kinapokuwepo, na taarifa za Idara yetu hutegemea kazi hiyo. Ukiona onyo, litazame pamoja na mwezi: onyo la siku za maji mafu na onyo la siku za bamvua si kitu kimoja, hata kama upepo ni uleule.

Na juu ya umri wa wazee wa bibi, ambao naona ndio uliokusukuma kuuliza, hesabu kwa upande wa Unguja ianzie 1872, na aliyetambaa siku ya tufani alizaliwa mwaka 1871 au karibu na hapo. Ila ukoo wenu ukiwa na jamaa wa Lindi au Mtwara wanaotaja mwaka wa kimbunga, wao hesabu yao inaanzia 1952, na kwa kuwa vyote viwili vilitokea Aprili, katikati ya masika, mwulize kwanza msimuliaji alikuwa akiishi wapi kabla hujaandika tarehe yoyote kwenye shajara ya familia.